Marina ya wageni Ziwa Victoria: boti italala wapi kati ya Kisumu na Mfangano?

Msomaji wa Nakuru anauliza: "Niliishi Southampton miaka miwili kikazi, na rafiki yangu wa huko akanifundisha kusafiri kwa boti ya tanga. Kila jioni tuliita marina kwa redio, tukapewa nafasi ya wageni, tukafunga kamba, tukachomeka umeme na kwenda kuoga. Sasa nimenunua boti ya tanga ya mita 7, mkuku wake (ule uti wa chini) unazama mita 1.2, na nitaivuta kwa trela hadi Kisumu. Nataka kwenda kisiwa cha Mfangano na kurudi kwa siku nane, mimi, mke wangu na watoto wawili wa miaka 9 na 12. Ramani ya simu hainionyeshi marina hata moja njiani. Tutalala wapi?"

Ndugu yangu, hongera kwa boti. Simu yako haijakosea. Kutoka Kisumu hadi Mfangano hakuna marina ya aina uliyoizoea, yenye gati linaloelea, namba ya nafasi, bomba la maji na mtu wa ofisini anayejibu redio. Hata Kisumu penyewe, ukiacha bandari ya meli, kilichopo ni klabu ya boti, jeti za hoteli chache, na sehemu za kutia samaki pwani ambazo sisi wote huku tunaziita bichi. Nafasi za kulala zipo, tena nyingi. Ila huzipati kwa kutazama ramani. Unazipata kwa kumjua mtu, na mtu huyo inafaa umjue kabla boti haijagusa maji.

Nianze na huko Southampton, maana kuna jambo ulilifanya kila jioni bila kulitilia maanani. Uingereza unaita marina kwenye chaneli 80, Ufaransa na Uhispania mara nyingi ni chaneli 9. Anayejibu anataka urefu wa boti, kina cha mkuku na idadi ya siku utakazokaa, kwa sababu bei inahesabiwa kwa mita na kwa usiku. Kisha anakupa namba. Basi nafasi hiyo mara nyingi si ya wageni kabisa. Ni ya mwenye boti aliyeilipia mwaka mzima, na wiki hiyo yuko safarini. Ofisi inajua anarudi lini, ndiyo sababu wewe unaulizwa unaondoka lini. Na ndiyo sababu Julai na Agosti wenye uzoefu hujitahidi kufika kabla ya saa saba mchana, waliolala jana wakiwa wameshatoka na wa leo hawajajaa. Anayechelewa hufungwa ubavuni mwa boti ya mwenzake, halafu usiku anavuka sitaha ya watu kwa soksi akienda msalani.

Sasa chukua jambo hilo uje nalo Winam, ghuba hii ya Kisumu. Utafika bichi fulani ya Uyoma saa kumi na moja jioni. Mchanga mtupu, maji yametulia, nafasi tele. Utafunga boti, utapika, utalala ukijisifu. Saa kumi na moja alfajiri utaamshwa na taa, kelele na mtumbwi unaokukwangua ubavu, kwa sababu ulipolala ni pa mtu. Wavuvi wa omena hutoka jua likizama na taa zao, hufanya kazi usiku kucha, na hurudi kukipambazuka. Wanunuzi wanakuwa wameshawasubiri ufuoni na mabeseni, nyavu za kuanikia zimeshatandazwa, na kila dakika omena wakichelewa kutua bei inashuka. Hapo wewe na mlingoti wako mmekaa katikati ya mlango wa duka la watu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kina cha maji, uliza mwezi. Omena wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa, na siku hizo mitumbwi yote iko nyumbani na bichi imejaa pomoni. Tena kuna msimu wa kufungwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, ambao nao hubadilisha hesabu. Ukija usiku wa giza utapata nafasi jioni na lazima uwe umetoka kabla ya alfajiri, au ulale mbali kidogo kwa nanga. Ukija mwezi mpevu, utalala kwa nanga tu. Mimi mgeni humshauri nanga siku zote, lakini najua watoto wako watataka kushuka.

Ofisi yako ya marina ni BMU (Beach Management Unit). Kila bichi inayotambuliwa ina kamati hiyo ya usimamizi, iliyowekwa kwa kanuni za uvuvi za mwaka 2007, yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mara nyingi kibanda cha mabati penye mizani. Redio ya VHF hawajibu. Simu wanajibu, na wanaijibu vizuri zaidi kama mliwahi kukaa pamoja kwenye benchi. Ndiyo maana nakuomba ufanye jambo ambalo wenye boti wengi huliona ni la kupoteza muda: wiki mbili kabla ya safari, izunguke ghuba yote kwa gari. Toka Kisumu upite Ndori hadi Luanda Kotieno, panda feri na gari lako hadi Mbita, kisha urudi kwa Homa Bay, Kendu Bay na Katito. Wikendi moja inatosha. Beba kamba yenye jiwe mwishoni, iliyotiwa fundo kila nusu mita, umwombe kijana mwenye mtumbwi akupeleke pale utakapotaka kulala, upime mwenyewe. Mkuku wako wa mita 1.2 unakufungia bichi nyingi, na hilo ni afadhali ulijue ukiwa juu ya mtumbwi wa mtu.

Ukifika bichi usianze na habari za boti. Msalimie mzee utakayemkuta, "Misawa, jaduong'," umwulizie mwenyekiti, umsubiri akiwa kwenye mizani. Mweleze unatoka wapi, una watoto, utafika siku gani, utaondoka saa ngapi. Halafu muulize maswali matatu ambayo kwangu yana uzito kuliko yote: nani hutua hapa alfajiri, magugu maji yanayoelea yakija huingilia wapi, na ni wapi kuna vigingi. Hilo la vigingi usilipuuze. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Maji yaliingia hotelini, yakafunika jeti, ua na mashina ya miti. Yalipopungua hayakurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na mpaka leo ufuo mwingi una nguzo iliyosimama sentimita ishirini chini ya maji ikisubiri boti ya Nakuru.

Malipo: mimi humpa mlinzi wa usiku shilingi 500, nikalipa ada ya bichi kama kamati inayo, kwa risiti, na samaki wa jioni nikanunua pale pale bila kubishana sana. Kinachoibwa ziwani ni injini. Ifunge kwa mnyororo na kufuli hata ukiwa umelala juu yake, na tangi la mafuta liwe ndani. Hoteli zenye jeti zitakutoza namna yao, nyingine zinataka ule kwao tu basi. Piga simu, uulize kina mbele ya jeti, na ukijibiwa "boti zote huja hapa," jua wanazungumzia boti za abiria zisizo na mkuku.

Sasa upepo, maana hapa ndipo wageni wa Winam huumia. Ziwa hili halina maji kupwa wala kujaa ya kukusumbua kama Southampton, lakini lina saa zake. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo Kisumu unakuwa nao mgongoni ukielekea magharibi. Saa nne au tano asubuhi hutulia. Kuanzia saa saba mchana ziwa linajibu, upepo unatoka kusini-magharibi ukiingia ghubani, na kwa kuwa ghuba ni jembamba na halina kina, mawimbi yanakuwa mafupi, yenye kusimama wima, ya kuchosha boti ya mita 7 kuliko mawimbi marefu ya baharini. Kisha zipo tufani. Mawingu hujijenga mchana juu ya milima ya Nandi na Kericho, na jioni au usiku hushuka kuja ziwani kwa ghafla, radi na upepo kutoka mashariki. Umeona mtego ulipo? Mahali palipokukinga vizuri alasiri, ukiwa umejibanza nyuma ya rasi dhidi ya upepo wa magharibi, ndipo patakapokutupa ufuoni saa mbili usiku tufani ikija kutoka Nandi. Pa kulala panatakiwa kuwa na mgongo pande zote mbili, au pawe na uwazi wa kutosha nyuma yako boti izunguke nanga yake bila kugusa kitu.

Ratiba inajiandika yenyewe basi. Ng'oa nanga mara baada ya saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukishatosha kuona maboya ya nyavu, ambayo huku ni chupa za plastiki na vipande vya madumu. Ukienda kwa noti nne, yaani maili nne za baharini kwa saa, utakuwa umekata karibu kilomita 30 kufika saa nne. Saa sita uwe umefunga au umetia nanga. Alasiri ni ya kupika, kulala na kutembea. Mtu akikwambia twende tu, bado saa nane, mwache aende.

Kuhusu nanga, chini ni tope laini karibu kote ghubani, kwa hiyo nanga ya makucha mapana hushika vizuri kuliko ile ya vyuma vinne ya wavuvi. Toa kamba mara saba ya kina: maji ya mita 4, kamba ya mita 28, ukiongeza na kimo cha omo, ile mbele ya boti. Karibu na Kisumu kina ni mita 2 hadi 4 sehemu nyingi, na unaweza kukaa mbali sana na ufuo ukiwa bado unaona tope likivurugika nyuma ya rafadha ya injini. Ukipita Rusinga kwenda nje, maji yanazama ghafla zaidi ya mita 30, na hapo huna kamba ya kutosha. Kulala ni kwenye hori tu, vile vighuba vya ufuoni.

Magugu maji yanahitaji kisa. Nililala miaka kadhaa iliyopita kwenye jeti ya hoteli moja upande wa kusini wa ghuba. Askari aliniambia mahali ni salama, na kwa upande wa wezi alisema kweli. Jioni niliona mstari wa kijani kwa mbali, kama kilomita mbili, nikasema hayo hayafiki. Upepo ukageuka usiku. Nilipofungua macho boti ilikuwa katikati ya shamba, majani mazito mpaka mita mia mbili nje, maua ya zambarau yamesimama kwa adabu kana kwamba nimeyapanda mimi. Niliwasha injini, rafadha ikajisokota mizizi, ikazima. Tulikaa pale siku moja na nusu, mpaka upepo mwingine ulipoyachukua yenyewe. Wateja wangu wawili walirudi Kisumu kwa matatu, nami nikawarudishia pesa. Kosa lilikuwa langu. Magugu haya yamo ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980, kila mtoto wa hapa anajua tabia yake: yanaenda upepo unakokwenda, yanajazana kwenye hori za Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay na Nyakach, na hori inayokukinga upepo ndiyo hiyo hiyo inayoyakaribisha. Ukiona kijani jioni, lala nje ya hori, si ndani, hata kama utayumba.

Sasa sehemu zenyewe, kwa ufupi, maana utaziona ukizunguka kwa gari. Mtu wa kwanza wa kumpata Kisumu ni wa bichi ya Dunga au wa Kisumu Yacht Club. Hapo ndipo utakapoacha trela na kusikia hali ya magugu ya wiki hiyo. Ndere ni hatua nzuri ya siku ya kwanza, kama kilomita 30, lakini kisiwa chote ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Hushuki wala hulali bila ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na ada yake, na mamba wa pale si hadithi. Watu wengi hukitazama, wakalala upande wa Asembo. Luanda Kotieno na Mbita kuna jeti za feri: usifunge hapo hata kwa dakika tano za kununua mkate. Feri haina breki, na nahodha wake hana hamu ya kukusubiri.

Mbita utaona daraja la kuingia Rusinga. Zamani palikuwa na tuta tupu lililoziba mkondo kabisa, sasa kuna daraja na maji yanapita, na mitumbwi pia. Mlingoti wako haupiti. Usikaribie kupima kwa macho. Zunguka Rusinga kwa kaskazini. Ukizunguka, pa kulala ni kwa wenyeji wa kisiwani au kwenye nyumba za wageni zilizo ufuoni, na watoto walione kaburi la Tom Mboya, ni mwendo wa pikipiki. Kisiwa cha Takawiri kina mchanga mweupe na minazi ambayo itamfanya mke wako aulize kama mmefika Diani kwa makosa. Mfangano tua Sena, ndiko kwenye jeti ya boti za abiria na ofisi za serikali, uombe kuonyeshwa pa kutia nanga palipo kando na njia ya boti hizo. Baki huko usiku mbili. Michoro ya mwambani ya Kwitone na Mawanga inastahili miguu yenu.

Kutoka Mfangano usiendelee magharibi. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, mpaka uko karibu kuliko unavyodhani, na majini hakuna bango. Kisiwa cha Migingo kiko kusini huko na mgogoro wake wa Kenya na Uganda unaujua. Kuvuka kwenda Uganda au Tanzania ni safari nyingine, yenye kugonga pasipoti na forodha bandarini kabla ya kutoka.

Karatasi za boti zipitie kwa Mamlaka ya Bahari, KMA, kabla ya safari. Askari wa ulinzi wa pwani watakuuliza wewe mwenye mlingoti kabla ya kumuuliza mvuvi, kwa sababu unaonekana. Jaketi okozi nne, mbili za saizi ya watoto, zivaliwe, zisiwe mto wa kulalia.

Watoto wasitembee majini ufuoni kwenda nchi kavu, hata kama wenyeji wanafanya hivyo. Kichocho kipo, na kinakaa pale pale penye maji ya magotini na konokono. Tumia kijiboti cha kuvushia, au mtumbwi wa kijana wa bichi. Na viboko: usitie nanga mbele ya upenyo kwenye mafunjo. Ule upenyo uliokatika vizuri kama mlango ni njia ya kiboko, anapanda usiku kula majani na anashuka kabla ya alfajiri, na hatakuzunguka.

Kurudi ndiko hukosewa zaidi. Utakuwa Asembo au pembeni mwa Ndere siku ya saba, umechoka, upepo wa alasiri unavuma moja kwa moja kuelekea Kisumu, na utajiambia ndani ya saa tatu tu tuko nyumbani. Upepo huo huo ndio uliosukuma magugu yote kwenye hori ya Kisumu mchana kutwa, na tufani ya Nandi itakukuta mlangoni jioni, maji mita tatu chini yako. Lala. Saa kumi na mbili asubuhi washa injini, uende dhidi ya upepo mwepesi wa nchi kavu, noti tano, saa tatu na nusu hivi. Maana yake siku ya nane huitumii tanga, kwa hiyo mafuta ya siku hiyo yawe yametengwa kwenye dumu lake tangu siku ya kwanza, limeandikwa, na asiliguse mtu. Na kabla ya kung'oa nanga mpigie yule mtu wa Dunga, umuulize kijani kiko wapi asubuhi hiyo.